Ukienda Kijiji cha Doc Martin, Uliza Maji Kwanza

Nilianza kuitazama Doc Martin kazini. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia hapa Uingereza alikuwa hagusi chakula cha jioni mpaka tamthilia ianze, basi nami naketi pembeni na bakuli la supu, tunamtazama daktari akiwafokea wagonjwa wake. Kisa chenyewe: bingwa wa upasuaji wa London anaingiwa na woga wa damu, anaacha kisu, anahamia kijiji cha wavuvi kinachoitwa Portwenn. Ilianza kwenye ITV, kituo cha runinga cha Uingereza, mwaka 2004, ikamalizika 2022. Portwenn huikuti kwenye ramani. Kijiji cha kweli ni Port Isaac, pwani ya kaskazini ya Cornwall, na nimeshakwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliboronga.

Nilikwenda Jumamosi ya Agosti, saa sita mchana, na orodha ya sehemu kumi na mbili kwenye simu. Yaani siku ambayo Uingereza nzima imekwenda pwani. Nikateremka na msururu wa watu, nikafika kwenye ile nyumba ya mawe iliyo juu ya bandari, ambayo kwenye runinga ndiyo zahanati ya daktari. Nikainua simu nipige picha. Dirishani amesimama mzee na kikombe chake cha chai, ananitazama. Nikashusha simu kama mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya chungu cha sukari.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Ile ni nyumba ya watu. Mlango haugongwi, ngazi hazikaliwi, na hata ungekaribishwa ndani usingeona kile chumba cha daktari, kwa sababu matukio ya ndani yalipigwa kwenye banda la shambani nje ya kijiji. Shule anayofundisha Louisa, mwalimu anayependwa na daktari, iligeuzwa hoteli zamani. Ukienda kutafuta sehemu za tamthilia, utaona nje za nyumba tu, utamaliza kwa saa moja, na utarudi na picha ambazo kila mtu anazo.

Mara ya pili nilikwenda Juni na shangazi yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka kwetu Nungwi, Unguja. Nilikuwa nimeshamwonyesha vipande kadhaa. Hukumu yake ilikuwa fupi: "Daktari huyu hana adabu, lakini dawa anaijua." Usiku wa kuamkia safari mimi napanga nguo, yeye akaniuliza swali ambalo mimi, mtoto wa pwani, halikunijia hata kidogo.

"Maji yanakupwa saa ngapi huko?"

Nikamwambia sijui, tutaona tukifika. Akanitazama tu.

Port Isaac ni bandari ndogo iliyobanwa na milima miwili, na sura yake hubadilika kila baada ya saa sita. Maji yakijaa huna mahali pa kukanyaga ila barabara na vichochoro. Yakipwa, bandari nzima inakuwa mchanga, mashua zimelala ubavu, na unaweza kutembea mpaka karibu na kuta za kuzuia mawimbi. Ukigeuka ukakitazama kijiji kutoka kule chini, hapo ndipo utakapoiona Portwenn yenyewe, nyumba nyeupe na mapaa ya mawe ya kijivu zimepandiana mlimani. Kwa hiyo tafuta jedwali la maji la siku hiyo kwanza, ndipo ukate tiketi.

Sisi tulibahatisha. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, kwa hiyo ni bamvua, siku maji yanapojaa sana na kupwa sana, na saa saba mchana maji yalikuwa yametoka kabisa. Tukateremka mchangani, tukakaa kwenye jabali na chapati zetu. (Kula chini ya kivuli kama unaweza, au kaa na mgongo ukutani. Shakwe wa kule ni majambazi, mmoja aliondoka na nusu chapati yangu.) Saa tisa hivi shangazi akasema twende. Nikamwambia bado mapema, maji yako mbali.

Bamvua la Unguja linapanda kama mita 4. La kule linafika kama mita 7, na muda ni ule ule wa saa sita, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe yanakuja kwa kasi gani, hasa saa ya tatu na ya nne. Tulipoinuka, kati yetu na barabara palikuwa na mkondo wa maji uliofika magotini, na baridi yake inauma mpaka mfupa. Shangazi alivua viatu, akapandisha dira lake, akavuka bila neno. Mimi nilivuka na viatu. Neno alilisema tulipofika ng'ambo: "Na wewe unajiita mtu wa Nungwi."

Tulipokuwa tunajikausha pale mashua zinapopakiwa ndipo nikapata nisichokuwa nacho kwenye orodha. Palikuwa na madema, yaani mitego ya kuvulia, yamepangwa kwenda juu, ya kamba koche na kaa, maana wavuvi wapo kweli, hawakuletwa na runinga. Shangazi akaingiza mkono kwenye mdomo wa dema moja, akapima njia ya samaki kwa vidole. Letu la fito na lao la chuma na nyavu, lakini mdomo ni ule ule, mpana nje, mwembamba ndani. Mvuvi aliyekuwa akikunja kamba akacheka, akauliza kama anajua kazi hiyo. Nikatafsiri. Wakazungumza chambo kwa nusu saa, mimi katikati na soksi zimelowa, na hakuna hata mmoja wao aliyemtaja daktari.

Mengine kwa haraka. Mei, Juni na Septemba ni bora kuliko Agosti. Ukiwa na gari, liache kwenye maegesho ya juu, usijaribu kushuka nalo, njia ni nyembamba kama za Mji Mkongwe na hakuna pa kugeuzia. Kuna kichochoro wanakiita Squeeze-ee-belly Alley, upana wake haufiki nusu mita, shangazi alikataa kabisa kukipita. Mwenye magoti mabovu mpe muda, kushuka ni rahisi, kupanda kunataka vituo. Kwa treni, ni kama saa nne kutoka London Paddington mpaka Bodmin Parkway, kisha basi la Wadebridge, kisha basi jingine. Jumapili mabasi ni machache. Ratiba iandike kwenye karatasi, mtandao wangu ulikatika nilipofika chini bondeni. Na beba viatu vya akiba.