Kuishi kwa kinubi: jibu kwa aliyeuliza kama inalipa

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kupiga kinubi, na kwa nini wengi wetu hutunga na kufundisha pia. Mimi niko kwenye kazi hii miaka ishirini na ushee.

Kupiga peke yake hakutoshi. Okestra ina fidla tele lakini kinubi kimoja, mara chache viwili, na aliyekalia kiti hicho hana haraka ya kuondoka. Kwa hiyo unafundisha.

Kutunga nilisukumwa na miguu. Watazamaji huangalia vidole, kumbe shughuli iko chini: nyuzi 47, pedali 7, kila pedali na vituo vitatu vya kupandisha au kushusha noti, mtambo aliousajili mtengenezaji wa vinubi Sébastien Érard mwaka 1810. Ukikanyaga pedali ya noti ya do, nyuzi za do karibu zote zinageuka sauti, nene kwa nyembamba. Mtunzi aliyezoea piano hilo halimjii. Niliwahi kupewa ukurasa ulionitaka nibadili pedali mara tisa ndani ya mapigo manne. Nikamfuata mtunzi mwenyewe, akanijibu, "Mbona kwenye kompyuta inasikika vizuri?" Usiku ule nikaandika upya: palipokuwa na do nikaweka si diezi (noti ya si iliyopandishwa nusu sauti), sauti ile ile kwenye uzi wa jirani, miguu ikapumua. Sikuacha tena kuandika.

Mpiga kinubi kutunga na kufundisha si jambo jipya. Mpiga kinubi Henriette Renié wa Ufaransa alipata tuzo ya kwanza ya Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, mwaka 1887 akiwa na miaka 11, pedali zikiwa zimeongezwa urefu ili miguu yake ifike. Baadaye akatunga konseto (muziki wa mpiga mmoja akisindikizwa na okestra), na mpiga kinubi Marcel Grandjany akapita mikononi mwake kama mwanafunzi.

Darasani nahangaika na kidole gumba kuliko kitu chochote: kikae juu, vingine vifunge kiganjani. Kidole cha mwisho hakina kazi. Ukirudisha kidole kwenye uzi ambao bado unatetemeka, unavuma kama nyuki kwenye kopo. Kuna binti tulikaa wiki sita kwenye ukurasa mmoja kwa sababu ya nyuki huyo.

Na uzi ukikatika (wa kinubi, si huu wa mjadala wetu) hulia kama bunduki. Wangu ulikatika katikati ya onyesho. Mpiga filimbi karibu aanguke. Nikafunga mpya wakati wenzangu wanapiga, lakini uzi mpya hulegea kila dakika, ikabidi niikwepe noti ile mpaka mwisho.

Kama bado unataka, pima gari lako kwanza. Kinubi ni karibu kilo 40, na hakikunjwi.