Kabla ya kununua intafesi, sikiliza mtaa wako

Vijana wanaoanza kurekodi nyumbani hapa Mombasa huniuliza intafesi ipi ni nzuri, yaani kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. Nami huwauliza: unarekodia wapi? Chumba cha Majengo au Kisauni hakifungiki kikanyamaza. Joto halikuachi ufunge madirisha, feni inazunguka, tuktuk zinapita chini, na mtoto wa jirani analia. Maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, ukiiweka mbali kidogo na mwimbaji, inayanasa yote hayo.

Kwa hivyo waimbaji nawarekodi kwa maiki ya dainamiki, mdomo ukiwa karibu nayo, chini ya shubiri. Maiki hiyo haina uchawi wa kuzuia kelele. Inakubali tu kusogelewa sana, na ukisogea hivyo sauti yako inaishinda ya mtaa. Taabu ni kwamba umeme inaoutoa ni hafifu, na kazi ya kuukuza inaiangukia intafesi. Hapo ndipo pesa zako zinapotakiwa kwenda.

Maiki ya dainamiki ya Shure SM7B, kwa mfano, yataka ikuzwe angalau desibeli 60. Sasa tazama intafesi za Scarlett za toleo la nne: Solo inakuza maiki hadi desibeli 57, 2i2 inafika 69. Dukani utaziona kama pacha, na muuzaji atakwambia tofauti ni idadi ya matundu. Kwa mwenye SM7B, tofauti hiyo ya desibeli ndiyo inayoamua kama mwimbaji wa sauti ya chini atasikika safi au atazungukwa na mvumo wa “shhh”. Mwenye SM58, dainamiki nyingine ya Shure ambayo ina nguvu kidogo zaidi, Solo itamtosha.

Maandishi makubwa ya kilohezi 192 kwenye boksi, yaani kasi ya kuipima sauti, yasikutishe. Biti 24 na kilohezi 48 zinatosha kabisa kwa wimbo.

Kinachosumbua kweli ni sauti kuchelewa kwenye hedifoni. Mwimbaji akijisikia kwa kuchelewa, anaanza kuvuta maneno na mapigo yanampotea. Tafuta intafesi inayompelekea sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Na kama watumia Windows, hakikisha kampuni yenyewe imetoa programu ya ASIO ya kifaa hicho, ile inayopunguza kuchelewa huko, usitegemee ile ya bure ya kubahatisha.

Matundu mawili ya maiki yanatosha watu wengi: udi na sauti, au gitaa na sauti. Ukiwa na kikundi kizima cha taarab kinachotaka kupiga pamoja, fidla, kinanda, ngoma na waitikiaji, hapo tafuta yenye matundu manane, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa. Udi peke yake mimi huurekodi usiku mtaa ukilala, feni imezimwa, kwa kondensa, kwa sababu nyuzi zake zina utamu mwembamba ambao dainamiki huupunguza. Kwa hivyo hakikisha kuna kitufe cha volti 48 cha kuipa kondensa umeme, hata kama leo hukihitaji.

Jambo jingine la hapa kwetu ni stima. Napenda intafesi inayopata umeme wake kwa waya wa USB, kwani stima ikipotea katikati ya ubeti laptopu inaendelea na betri na wimbo haukatiki. Tena ukichomoa chaja wakati wa kurekodi, mara nyingi ule mngurumo wa chini unaondoka wenyewe.

Hewa ya chumvi nayo inakula vyuma. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye boksi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ukinunua iliyotumika, nenda na laptopu yako, maiki na hedifoni. Zungusha kila kitufe polepole ukisikiliza mikwaruzo, chomeka kila tundu, tikisa waya wa USB uone kama unakatika. Muuzaji asiyetaka uijaribu, muachie intafesi yake.