Ukiendesha baiskeli vijijini Pemba, nenda mwendo wa salamu

Wanaonitumia ujumbe kutaka ushauri huanza na baiskeli: ninunue ya aina gani, iwe na springi mbele au hapana, tairi za ukubwa gani? Hayo nitayajibu. Lakini kwanza nataka niwaeleze habari ya jamvi la karafuu.

Ilikuwa msimu wa mavuno, miaka kadhaa nyuma. Nilikuwa nashuka kilima kwa njia ya miguu inayopita katikati ya mikarafuu, nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Mteremko mzuri, kivuli, upepo usoni. Nikakata kona kwenye kichaka cha migomba, na mbele yangu si njia tena, ni uwanja wa nyumba. Nilikamata breki, baiskeli ikateleza, gurudumu la nyuma likapita juu ya jamvi la karafuu zilizoanikwa.

Mwenye nyumba, bibi wa makamo, hakunipigia kelele. Alikuja, akachuchumaa, akaanza kuziokota zilizosagika. Alinionesha moja kwenye kiganja: kikonyo kizima, kichwa kimetoka. Ile punje ndogo ya mviringo juu ya karafuu ikishatoka, karafuu inashuka daraja, na ikishuka daraja inashuka bei. Mtu kaparamia mkarafuu kuichuma, watoto wamekesha kuchambua makonyo, imeanikwa siku kadhaa, ikitishia mvua inakimbizwa ndani. Mimi nimeipitia kwa sekunde moja. Nilikaa naye pale jamvini tukichambua mpaka adhana ya Alasiri. Aliniambia neno moja tu ambalo sijalisahau: "Mwanangu, hii kwako njia, kwetu ni uani."

Tangu siku hiyo naendesha mwendo ninaouita mwendo wa salamu. Maana yake ni rahisi: kama huwezi kumaliza kusema "Shikamoo" na ukasikia "Marahaba" kabla hujampita mtu, basi unakwenda mbio. Njia za vijijini kwetu hazikuchorwa kwa ajili ya baiskeli za matembezi. Zimechongwa na miguu ya watu waendao shamba, kisimani, skuli na msikitini, na nyingi zinapita nyuma ya nyumba, karibu na jiko la nje na kamba ya kuanikia nguo. Ukikaribia nyumba piga kengele mapema, na kama njia inapita uani kabisa, shuka, sukuma, useme "Hodi, napita!" kwa sauti ya kusikika. Ukiwakuta wanakula watakukaribisha, na hawakukaribishi kwa maneno matupu. Kama huna nafasi, jibu "Starehe," uendelee na safari yako. Vaa nguo ya kufunika magoti, mwanamume na mwanamke. Na mwezi wa Ramadhani chupa yako ya maji isionekane mdomoni mchana njiani, hata kama wewe hufungi.

Kuna hatari moja ambayo mgeni haioni kabisa: kamba ya ng'ombe. Ng'ombe wetu hufungwa malishoni kwa kamba ndefu, na mara nyingi kigingi kiko upande huu wa njia, mnyama yuko upande wa pili. Kamba imelala majani, rangi yake na ya udongo ni moja. Ng'ombe akisogea, inanyanyuka mpaka usawa wa goti. Ukiona ng'ombe, tafuta kwanza kigingi kiko wapi, ndipo upite. Nyuma ya mnyama, si mbele.

Sasa baiskeli. Pemba si tambarare kama watu wa Unguja wanavyodhani; ni vilima vifupi vifupi na mabonde ya mpunga baina yake. Unapanda dakika tatu, unashuka moja, unavuka bonde, unaanza tena. Kwa hiyo gia zina faida, lakini hazihitajiki nyingi. Yangu ni ya mtumba, ina gia 21, na nusu yake sizigusi. Badilisha gia kabla hujaanza kupanda. Ukingoja mpaka miguu imelemewa, mnyororo utagugumia na siku moja utakatika. Springi ya mbele inasaidia, ya nyuma ni uzito wa bure kwa njia zetu. Kinachofaa zaidi ni tairi pana, na upepo usiokazwa mno. Watu hujaza mpaka tairi linakuwa kama jiwe, kisha wanalalamika mikono inauma. Mimi hubonyeza kwa dole gumba: likibonyea kidogo, linatosha. Mchangani napunguza zaidi.

Kagua pia mdomo wa kujazia upepo. Baiskeli nyingi za mtumba huja na ule mwembamba, na pampu ya fundi wa kijijini inashika mnene, kama wa tairi la gari. Nilikwama kwa ajili hiyo siku nzima mara moja. Fundi yupo, pampu anayo, upepo hauingii. Sasa nina kile kiunganishi kidogo cha shaba, nimekifunga kwa uzi chini ya kiti.

Mafundi wa vijijini waamini. Yupo mmoja chini ya mwembe, vyombo vyake vyote vinaenea kwenye ndoo: karai la maji, kipande cha msasa, gundi, tyubu kuukuu. Anazamisha tyubu yako kwenye maji, anaigeuza taratibu, mapovu yakitoka anaweka alama kwa kucha. Anasugua, anapaka gundi, kisha anangoja, na hapo ndipo wengi tunapokosea tukijizibia wenyewe, kwani gundi lazima ikauke kidogo kabla ya kiraka kubandikwa. Tairi likichanwa ubavuni, jambo la kawaida ukifika uwandani kwenye mawe makali ya matumbawe, anakata kipande cha tyubu kuukuu anakilaza kwa ndani, na unafika nyumbani. Kipande kama hicho natembea nacho mfukoni siku zote.

Kwa majira, epuka masika, Machi mpaka Mei. Udongo wa mabondeni ni mfinyanzi. Ukilowa unajaa baina ya tairi na fremu mpaka gurudumu halizunguki, na ukipita hapo unaharibu njia ya wenzako wanaotembea kwa miguu. Kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini, kuanzia Juni, njia ni kavu na jua si kali. Karafuu zikianza kuchumwa, basi kila uwanja una jamvi, na mumeshajua.

Anayeanza, aende Pujini. Ni kama kilomita 10 kutoka Chake Chake, upande wa kusini mashariki, kwa mashamba ya mihogo na minazi, vilima si vikali. Utafuata alama za magari ya ng'ombe. Chagua mfuo mmoja ubaki nao, usirukeruke. Mwisho wake kuna magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee wanamsimulia kwa ukatili wake. Ulizia kisima chake: inasimuliwa kilijengwa ukuta katikati ili wake zake wawili wateke maji bila kuonana.

Ukishazoea, panda gari mpaka Konde, kaskazini ya kisiwa, na baiskeli juu ya paa, uingie msitu wa Ngezi. Pale getini kuna kiingilio, lipa na upokee risiti. Ndani ya msitu pana giza na baridi, miti inakutana juu yako, na hapo ndipo makazi ya popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana kwengine duniani. Ukitoka upande wa pili kuelekea Ras Kigomasha, mchanga unaanza. Gia nyepesi, usukani usiukaze, usisimame kupiga pedali.

Anza safari baada ya alfajiri, saa kumi na mbili na nusu uwe njiani. Ukichelewa kurudi, Magharibi hukukuta mashambani, na kwetu giza haliingii polepole. Taa ya mbele na ya nyuma, hata kama umepanga kurudi mchana.

Bibi yule bado nampitia kila msimu. Nashuka kule juu kwenye kona ya migomba, nasukuma mpaka uani, napiga hodi.