Kona ya Afande: Kalule Hakukurupuka

SWALI: Afande, jambo. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 19, tunakaa Bugembe, Jinja. Alianza ngumi akiwa darasa la sita, na mwaka huu amerudi nyumbani na medali ya dhahabu ya mashindano ya vijana. Sasa kuna bwana wa Kampala anampigia simu kila jioni, anamwambia aachane na ridhaa, ngumi zisizo za malipo, atamtafutia pambano la pesa mwezi ujao. Mjomba wake anamuunga mkono. Anasema hata Ayub Kalule, bondia wetu wa zamani, alipata medali moja tu akapanda ndege, akawa bingwa wa dunia. Ni kweli? Nimwache aende? – Mama Bondia, Bugembe

JIBU: Jambo sana, Mama, na hongera kwa hiyo dhahabu. Mjomba mpe salamu zangu, lakini hadithi aliyokusimulia ameikata vipande viwili akaitupa nusu.

Kalule hakuwa na medali moja. Mwanzoni mwa 1974 alikwenda Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akachukua dhahabu ya uzito mwepesi. Mwezi wa nane mwaka huohuo akapelekwa Havana. Yale yalikuwa mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya ngumi za ridhaa, tena yanafanyika nyumbani kwa Wakuba, watu ambao ukiwashinda kwa nusu pointi umewashinda kweli. Akapanda uzito, akaingia welta mwepesi, na akarudi na dhahabu nyingine. Dhahabu mbili, uzito mbili tofauti, mwaka mmoja.

Hata hapo hakukimbilia pesa mwezi uliofuata. Pambano lake la kwanza la kulipwa lilikuwa 1976, Denmark, chini ya promota Mogens Palle. Palle alikuwa na kumbi, alikuwa na watazamaji, na alikuwa na mapambano ya kumpa kijana mmoja baada ya jingine, mpinzani akipimwa kwanza kabla ya kuletwa. Mkanda wa dunia wa WBA, moja ya mashirika yanayosimamia ngumi za kulipwa, uzito wa kati mwepesi, Kalule aliuvaa tarehe 24 Oktoba 1979 huko Akita, Japani, alipomshinda Masashi Kudo kwa pointi katika raundi 15. Hesabu mwenyewe, Mama: toka Havana mpaka Akita ni miaka mitano.

Mjomba asichokijua ni kwamba ridhaa na kulipwa ni kazi mbili, ingawa ulingo ni mmoja. Mtoto wako amezoea raundi tatu za dakika tatu. Ndani ya hizo dakika tisa anamwaga kila alichonacho, na ni sawa, ndivyo mchezo wa ridhaa unavyotaka. Sasa mpe raundi sita. Nimesimama kwenye kona za vijana wa namna hiyo mara nyingi, na kinachotokea ni kilekile: raundi ya nne mkono wa mbele unashuka mpaka kifuani, kidevu kinapanda, kinga ya meno inaanza kuchungulia nje kwa sababu pua haitoshi tena kwa pumzi. Akirudi kukaa kwenye kiti haongei. Unamwagia maji kichwani, unamwambia ainue mikono, anaitikia kwa kichwa, kengele ikilia anatoka nayo imeshuka vilevile. Huyo si mwoga wala si mvivu. Mwili wake haujafundishwa.

Kalule alikuwa na mwili uliofundishwa. Karibu nusu tu ya ushindi wake ulikuwa wa nokauti. Kwenye mapambano mengine alikuwa akiwasukuma watu nyuma, akiwapiga mbavuni, mpaka majaji wanamaliza kuhesabu. Mtu wa namna hiyo hatengenezwi kwa mwezi mmoja.

Kuhusu huyo bwana wa simu za jioni, mwite nyumbani, mpe chai, umuulize. Mpinzani ni nani, na amepigana mara ngapi? Maana kuna mapromota ambao tayari wana bondia wao wanayemkuza, wanachotafuta ni kijana mwenye medali wa kupigwa ili jina la mtu wao lipande. Daktari atampima nani, na lini? Kocha wa Bugembe aliyemlea atalipwa na nani? Na pesa iandikwe kwenye karatasi kabla ya pambano, isiwe ahadi ya mlangoni. Mimi nimewahi kupeleka kijana kwa promota mmoja hapa mjini, akashinda, damu ikiwa bado haijakauka puani tukaambiwa watu hawakuja wengi. Tulipewa soda na nauli. Bwana wa simu akikasirika kwa maswali haya, umeshapata jibu, mama yangu, na chai yako haijapotea bure.

Watakuambia pia kwamba tangu 2016 mabondia wa kulipwa wanaruhusiwa Olimpiki, kwa hiyo hakuna anachopoteza. Anapoteza. Ridhaa inampa safari kwa tiketi ya mtu mwingine, na ndani ya wiki moja anakutana na watu wanne wa mitindo minne. Promota gani wa hapa atamnunulia shule hiyo? Mwache kwanza apigane na wakubwa, avae fulana ya timu ya taifa walau mara moja nje ya nchi. Ndipo tuongee habari ya pesa.

SWALI: Mzee, hapa steji ya boda Kawempe tunabishana kila siku. Kalule na John Mugabi, nani zaidi? Abiria wanatukimbia kwa kelele. – Vijana wa Steji

JIBU: Wanangu, pelekeni abiria kwanza.

Mugabi alipata fedha Olimpiki ya Moscow 1980, fainali akapigwa na Mkuba Andrés Aldama. Aldama huyohuyo alikuwa amepoteza fainali ya Montreal 1976 kwa Mmarekani Sugar Ray Leonard. Sisi Montreal hatukuwepo. Afrika iligoma kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda Afrika Kusini. Leonard akachukua dhahabu ya welta mwepesi, uzito uleule ambao Kalule alikuwa bingwa wa dunia miaka miwili kabla. Wakati huo Kalule alikuwa ameshahamia ngumi za kulipwa. Wakakutana mwisho wa yote, Juni 1981, Houston, Kalule akiwa na mapambano 36 bila kupoteza. Leonard alimsimamisha raundi ya 9, zikiwa zimebaki sekunde tu kengele ilie.

Mugabi alikuwa moto wa aina nyingine. Mpaka anakutana na Marvin Hagler, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati, Machi 1986 Las Vegas, hakuna mpinzani aliyefika naye kengele ya mwisho. Hagler alimmaliza raundi ya 11, na mpaka leo nikiitazama ile kanda nasema Hagler hakutoka pale salama. Mkanda wa dunia wa WBC, shirika jingine kama WBA, Mugabi aliupata 1989 kwa René Jacquot, Mfaransa aliyeteguka kifundo cha mguu raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata Terry Norris akauchukua, pia raundi ya kwanza.

Mkinipa tiketi moja, nakwenda kumtazama Mugabi. Mkiniambia niweke pensheni yangu, naweka kwa Kalule. Alitetea taji mara nne, Mugabi hakutetea hata mara moja. Na mnasahau 1985: wakati watu wamemhesabu Kalule kuwa amekwisha, alichukua mkanda wa Ulaya wa uzito wa kati.

SWALI: Afande, mimi ni mwalimu wa michezo Arua. Nina mwanafunzi hodari lakini ni wa mkono wa kushoto. Wenzake wanalalamika, hawapendi kufanya naye mazoezi. Nimgeuze atangulize kushoto kama wengine?

JIBU: Usimguse, mwalimu! Kalule alikuwa shoto. Wakilalamika ni kwa sababu anawapiga, na hao wanaolalamika ndio wanaohitaji mazoezi naye. Mfundishe jambo moja kwanza: mguu wake wa kulia, ulio mbele, ukae nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani. Akiupata pale, ngumi yake ya kushoto ina njia iliyonyooka, na mwenzake lazima ageuke kabla ya kujibu. Chora mstari wa chaki sakafuni, azoee kuukanyaga bila kuutazama.