Maua ya uani, birika la bibi na vibuyu: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi msomaji wenu wa Tanga, uani kwetu maua yamejaa, bogenvilia, haibiskasi, asumini na mawaridi kidogo, ila vyombo vya maua vya dukani bei zake siziwezi. Nina birika la bati la marehemu bibi limetoboka chini, vibuyu viwili na vifuu vya nazi. Nikikata maua mchana nikayachomeka, jioni yamelala. Nakosea wapi? Na birika naogopa kuliharibu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na dukani usiende kabisa, hilo birika linatosha na wala haliharibiki mana maji hayaligusi. Tafuta chupa ya jamu inayopita pale penye mfuniko, itumbukize ndani, maji yakae humo alafu weka mawaridi mafupi mafupi yachungulie tu juu ya mdomo, ukiweka vikonyo virefu birika linapinduka. Kibuyu kikikaa na maji kinaoza na kunuka, kwaiyo chenye mdomo mpana kiwekee glasi ndani, chenye mdomo mwembamba kiachie manyasi makavu yenye mashuke, yanapendeza sana.

Kifuu ndo nakipenda zaidi. Chukua nusu isiyo na macho, ile yenye macho inavuja, kikalishe juu ya ngata ndogo ya kitambaa kisiyumbe, tia maji, alafu jioni chuma matumba ya asumini yakiwa bado yamefumba uyaache yaelee humo. Usiku yanafunguka na chumba kizima kinanukia, ukiamka asubuhi bado harufu ipo.

Sasa kulala kwa maua. Mchana jua kali ua limeshaishiwa maji kabla hujalikata, kata alfajiri, kisu kikali, kikonyo ukikate mshazari na kiingie kwenye ndoo ya maji palepale, majani yatakayozama yote toa, maji badilisha kila siku. Bogenvilia inanyauka upesi sana, ing'oe majani yote ya kijani kisha izamishe nzima kwenye ndoo kama nusu saa ndo uipange. Haibiskasi usijilaumu, ua lake maisha yake ni siku moja tu, maji yawepo yasiwepo, kwaiyo lilaze mezani hivo hivo wageni wakija. Na usiweke maua karibu na ndizi mbivu au maembe, matunda yakiiva yanatoa gesi inayozeesha maua haraka.

Kama uani kuna oleanda, ile ya maua ya pinki au meupe yenye majani membamba marefu, iache hukohuko. Mti mzima ni sumu, hata maji yaliyokaa vikonyo vyake, usiiweke kwenye kikombe wala jagi mtakalorudia kunywea, hasa kama nyumbani kuna watoto.