Barua kwa mwanangu: fungate ya wawili, baiskeli tatu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikairudia ili nihakikishe nimeelewa. Rafiki yako ameoa. Yeye na mkewe wanakwenda fungate ya miezi miwili kwa baiskeli, wakifuata mto Danube kutoka Donaueschingen kule Ujerumani hadi Bahari Nyeusi, na bwana harusi amekuomba muwe pamoja safari nzima. Unaniuliza uende au ubaki, na kama watu watakucheka.

Kuchekwa kusikushughulishe. Kilichonishtua ni kwamba katika barua yote bibi harusi hasikiki. Jamaa amesema, jamaa ameshaangalia tiketi, jamaa anakuhakikishia mkewe hana neno. Mke kutokuwa na neno mbele ya mumewe, na harusi bado mbichi, mimi siiti ruhusa. Basi kabla hujanunua hata tairi, mpigie yeye mwenyewe. Usimuulize kama uende, maana atakujibu kwa adabu tu. Muulize angependa uanzie wapi na uishie wapi. Hapo anapata nafasi ya kukupunguza bila kukufukuza. Na akisema njoo tu mwanzo hadi mwisho, mshukuru, halafu jipunguze mwenyewe.

Jibu langu ndilo hilo: nenda, lakini kipande. Usianze nao na usimalize nao.

Njia yenyewe nimeifuata kwenye ramani. Sehemu kubwa yake ni ya EuroVelo 6, ile njia ndefu ya baiskeli inayoanzia pwani ya Atlantiki huko Ufaransa na kuishia Romania. Kati ya Passau na Vienna ni tambarare, vibao vimejaa, na mahali pa kulala hapako mbali na pengine. Huko mtu wa tatu hana kazi. Wale wawili wanazihitaji zile siku za kwanza wajue nani huamka mapema, nani hununa akisikia njaa, nani husema "bado kidogo tu" na kumbe zimebaki kilomita 20. Mambo hayo yanataka yagunduliwe bila shahidi.

Ningekuwa wewe, ningewakuta Budapest, Hungaria, na kuagana nao Belgrade, Serbia. Kingo za Danube zina vibao vya kilomita vinavyohesabiwa kuanzia mto unapoingia baharini, kwa hiyo anayeteremka na mto huiona namba ikipungua. Budapest ni karibu na 1,647, Belgrade ni karibu na 1,170. Hizo ni kilomita 477 za maji. Kwa baiskeli zinaongezeka, kwa sababu njia huuacha mto na kuurudia. Mkienda kilomita 50 kwa siku, na siku kadhaa za kupumzika, wiki mbili zinatosha hata kwa wazembe. Tena ukishapita Budapest vibao huanza kuadimika na mahali pengine mtakuwa barabara moja na malori, kwa hiyo jozi ya tatu ya macho itakuwa na faida. Mmoja ataulizia njia, mwingine atabaki na mizigo, na wa tatu ataziba pancha.

Kipande hicho kinarahisisha na habari ya viza, kama pasi yako inaihitaji. Hungaria na Croatia, mtakazopita, zimo ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja; Serbia iko nje. Ukiingilia Budapest na kupandia ndege ya kurudi Belgrade, umeingia Schengen mara moja na kutoka mara moja. Wenzako hawako hivyo. Wakitoka Serbia kuingia Romania wanaingia Schengen upya, kwani Romania na Bulgaria ni wanachama kamili tangu Januari 2025, na viza ya kuingia mara moja itawakwamisha mpakani. Waambie mapema. Watu huhesabu sana zile siku 90 wanazoruhusiwa kukaa Schengen ndani ya kila siku 180, wakasahau kuhesabu wameingia mara ngapi. Masharti ya Serbia nayo yaangalie peke yake.

Sasa nije kwenye ninachokiogopa hasa. Wewe na huyo rafiki yako mna ushindani wa tangu utotoni. Mkipata lami iliyonyooka mtaondoka, mmoja amejibanza nyuma ya gurudumu la mwenzake akikwepa upepo, mkibadilishana. Mkija kugeuka, bibi harusi ni nukta huko nyuma, na upepo wote ni wake. Hilo likitokea mara mbili, fungate imeharibika na mhusika ni wewe, hata kama mumewe ndiye aliyeanza mbio. Kwa hiyo mwenye mwendo mdogo akae mbele, apange kasi yeye. Au akae nyuma yako kwa karibu, wewe ukimkatia upepo bila kuongeza mwendo kwa kudhani unamsaidia.

Na usifikiri mwenye mwendo mdogo ni yeye. Wakifika Budapest watakuwa wameshaendesha zaidi ya kilomita elfu moja, mizigo ikiwa kwenye karia, na wewe utakuwa unashuka kwenye ndege. Siku tatu za kwanza wa kusubiriwa utakuwa wewe. Anza mazoezi sasa, tena uyafanye na mizigo yote, maana baiskeli iliyojaa haikati kona wala haishiki breki kama ile tupu. Makalio nayo yanataka kuzoea siti. Hilo halina njia ya mkato.

Kila mtu awe na vifaa vyake: tyubu ya akiba, viraka, pampu, spana. Pampu ikiwa moja kwa watu watatu, basi mmefungwa kamba, hamuwezi kuachana hata nusu siku. Na kuachana ndiko ninakokutaka ukuzoee. Asubuhi nyingine tangulia, mkutane mchana mahali mlipopatana. Jioni nyingine jitafutie chakula peke yako, na ulitangaze hilo wewe kabla hawajaanza kutazamana. Hema lako lipige mbali na lao kwa hatua za kutosha. Ukuta wa hema ni kitambaa, mwanangu, sina haja ya kueleza zaidi.

Pesa za chakula gawanyeni kwa watatu. Chumba kila upande ujilipie, hata kama mnalala jengo moja. Picha utawapiga wewe, na mtazipata nzuri ambazo wawili peke yao wasingezipata, ila usiirushe hata moja mtandaoni kabla yao.

Watagombana. Jua kali, njia imepotea, mmoja alisema kulia na mwingine alisema kushoto, na wote wawili watakugeukia wewe. Watu watatu wakipiga kura, kila mara kuna mmoja anayeshindwa na wawili. Unaujua usemi: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wewe huna jembe, una cheni ya kupaka mafuta. Ipake taratibu. Ukimuunga mkono rafiki yako utakuwa umesema kweli yako, jioni watapatana, na yale maneno uliyoyasema yatabaki yakikudai miaka. Ukiulizwa kabisa, jibu kuhusu njia tu, usijibu kuhusu mtu.

Ukifika Belgrade, ondoka. Tiketi ya kurudi inunue kabla hujatoka, yenye tarehe, nao waijue tarehe hiyo. Watakuomba uongeze wiki, hasa kwa kuwa mbele yako kuna lile korongo la Milango ya Chuma, Danube inapopita kati ya Serbia na Romania, na mahandaki yake ya barabara upande wa Serbia, ambayo mengi hayana taa. Wape taa yako ya nyuma kama ni nzuri kuliko zao, na uondoke hivyo hivyo.

Ukishaongea na bibi harusi niandikie alivyokujibu, kwa maneno yake si kwa tafsiri ya mumewe. Na siku ya kuifunga baiskeli kwenye boksi, pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea inakoenda mishale ya saa, kinyume na ya kulia. Usije ukaikaza usiku kucha ukidhani imeshika kutu.

Mama yako