Flash ilipozimwa, kilichonusurika ni faili moja ya maneno

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, nimemaliza miaka miwili nikijifunza fremuweki moja, na sasa kila tangazo la kazi linataka nyingine. Ndiyo nimepoteza muda?" (Fremuweki ni msingi ulioandaliwa tayari wa kujengea programu.) Ujumbe ule niliusoma mara tatu. Swali hilohilo niliwahi kujiuliza, na wakati ule sikuwa na wa kumwuliza.

Mimi nilikuwa mtu wa Flash, programu ya kampuni ya Adobe ya kutengeneza picha zinazotembea na masomo ya kubofya kwenye kivinjari. Nilitengeneza masomo ya lugha kwa watoto: mtoto anabofya picha ya ng'ombe, neno linatokea, sauti inasikika. ActionScript, lugha ya kuiamuru Flash, niliiandika bila kufungua mwongozo, na kazi zangu zilisifiwa. Mwaka 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alipoeleza hadharani kwa nini iPhone haiipokei Flash, nilikasirika, nikasema huo ni ugomvi wa makampuni tu. Mwaka 2017 Adobe wenyewe wakatangaza kwamba mwisho wake ni 2020. Miaka mitatu mizima ya onyo! Nikaendelea kung'ang'ania.

Tarehe 12 Januari 2021 Flash ikaanza kuzuia kazi zake zisifunguke. Mteja akanipigia: "Masomo hayaonekani." Nikafungua. Pale alipokuwa ng'ombe palikuwa na kisanduku kitupu.

Lugha mpya haikunisumbua sana. Ukishaelewa vigeu, vitanzi na jinsi ya kuvunja tatizo kubwa kuwa madogo, JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, ni suala la miezi. Kilichoniumiza ni data. Maneno zaidi ya elfu mbili, pamoja na maelezo yake, nilikuwa nimeyafungia ndani ya faili za .fla, yaani faili za kazi za Flash, za matoleo ya zamani, ambazo ukizifungua kwa kihariri cha kawaida unaona alama zisizosomeka. Ilibidi nifungue somo moja baada ya jingine na kunakili neno kwa neno. Wiki tatu.

Isipokuwa wanyama. Hao, mwenzangu niliyefanya naye kazi alikuwa amewaandika katika faili ya CSV, yaani maandishi ya kawaida yanayotenganishwa kwa mikato, kila neno na mstari wake:

ng'ombe,ngombe.mp3,ngombe.png

Faili ile ilifunguka papo hapo, kila herufi mahali pake. Yeye ndiye aliyenishauri mapema tuandike yote namna hiyo, nami nikamjibu kwa ukali kwamba anatuchelewesha. Jambo hilo bado linanikaa moyoni.

Ndugu zangu, data yenu isikae mahali panaposomeka na programu moja tu. Iandikeni kama matini ya kawaida, kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi unaosomeka karibu kila mahali), iwe CSV au JSON (namna nyingine ya kupanga data kwa maandishi), na kando yake muweke maelezo mafupi ya kila safu ina maana gani. Msidhani haya ni ya wanaoanza peke yao. Mwaka 2020 huko Uingereza karibu wagonjwa 16,000 wa korona waliachwa nje ya hesabu kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye fomati ya zamani ya Excel, .xls, isiyozidi mistari 65,536. Fomati mpya yenye nafasi ya zaidi ya mistari milioni moja ilikuwepo tangu 2007. Watu walikuwa wameshazoea, basi.

Wala sisemi mkimbilie kila kinachotangazwa. SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ni ya miaka ya 1970 na bado inalipa mishahara. Lakini msiipende zana hadi mkaacha kusikia ikitangaziwa kifo. Mimi nilisikia, nikaziba masikio, kwa sababu ilikuwa imenipa heshima.

Yule msomaji nilimjibu kwamba miaka yake miwili haijapotea. Kisha nikamwuliza: ukiifuta hiyo fremuweki leo usiku, data ya mradi wako utaisomea wapi? Jana amejibu kwamba ameanza kuitoa, na jedwali la kwanza tayari liko kwenye CSV.